Gari ziondoke mtaani kwa ajili ya watoto, au zibaki kwa ajili ya mama?

"Assalaam alaykum. Mtaa wetu uko Magharibi B, upande wa Fuoni, na ndio mwisho wa gari. Daladala inaacha lami kwenye njiapanda ya kwanza, inaingia njia ya ndani, inapita langoni mwa skuli na mbele ya kituo cha afya, inafika msikitini, inageuza na kurudi vilevile. Njia yenyewe haiishii hapo. Inazunguka na kutokea tena lami kwenye njiapanda ya pili, ila gari haziendi huko. Mume wangu amepima kwa vespa: njia yote ya ndani ni kilomita 1.1, kutoka njiapanda ya kwanza hadi msikitini ni mita 600, na kipande cha lami baina ya njiapanda mbili ni mita 700. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tatu aligongwa karibu na lango na daladala ikirudi nyuma kumpisha mwenzake. Alivunjika mkono, alhamdulillahi yu hai. Kikao cha wazazi kimeamua tuombe gari zitolewe ndani zibaki lami, na wengine wanataka matuta matano. Mimi ni mwalimu wa skuli hiyo, siwezi kuwapinga. Lakini mama yangu amekatwa mguu kwa sukari, anatumia kiti cha magurudumu, na kutoka kwetu nyuma ya msikiti hadi lami ni hatua 900 za mchanga na mtaro. Gari zikiondoka, kliniki ataendaje? Nimechora ramani, nimeambatisha. Nichague wanafunzi au mama?"

Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Pole kwa mtoto, na pole kwa mama. Nianze na swali la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi: huna haja ya kuchagua. Wazazi wenzako wameona hatari ya kweli, ila wameikamata mkia. Kichwa chake umekitaja wewe mwenyewe katika barua, kwa maneno mawili uliyoyapitia haraka: "ikirudi nyuma".

Hebu tuirudie ajali ile. Mtoto hakugongwa na gari iliyokuja mbio kutoka lami. Aligongwa na gari iliyokuwa ikienda pole pole, pengine mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye mchoro wako, mbele ya lango kuna mtaro upande mmoja na meza za mihogo na ubuyu upande wa pili. Gari moja inaelekea msikitini, nyingine inatoka. Hazipishani. Taniboi ananing'inia mlangoni, anapiga bodi kwa kiganja, "rudi, rudi, njoo," na dereva anarudi kwa kuamini kiganja hicho. Kioo cha pembeni kinamwonesha ubavu wa gari yake. Kioo cha ndani kinamwonesha vichwa vya abiria. Mtoto wa miaka tisa aliyesimama hatua mbili nyuma ya gari hayumo katika kioo chochote. Na ikiwa ni gari ya mabenchi ya ubavuni, ile ya kuingilia nyuma, ndiyo kabisa: huko huko anakorudi dereva ndiko abiria wanakoshukia.

Ongeza saa. Hukuniandikia ajali ilitokea wakati gani, lakini kama skuli yenu ina mikondo miwili, ningetia dau kwamba ilikuwa karibu na adhuhuri, mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia. Kwa nusu saa hivi lango moja lina watoto maradufu, na gari mbili ndani yake zinatafutana nafasi. Hapo hata dereva mpole kuliko wote mjini atagonga mtoto siku moja.

Sasa matuta. Sisemi mwendo si hatari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 katika ile sekunde moja ambayo dereva anashituka, kabla mguu haujagusa breki. Ya kilomita 30 inakula mita 8. Kwa hiyo mwendo upimeni, na kuupima hakuhitaji mashine ya polisi. Kaeni barazani, wekeni alama mbili za chokaa zilizoachana mita 50, kisha shikeni saa ya simu. Gari ikikata baina ya alama kwa sekunde 6, inakwenda kilomita 30 kwa saa. Ikikata kwa sekunde tatu na nusu, imeshapita 50. Andikeni gari 20 au 30 za asubuhi, adhuhuri na jioni. Nadhani mtakuta kwamba karibu na lango gari haziwezi kwenda mbio hata zikitaka, na kwamba mbio ziko pale zinapokaribia lami. Matuta matano langoni hayatamzuia dereva kurudi nyuma. Yatakachofanya ni kumrusha mama yako kwenye kiti, kumrusha mjamzito anayekwenda kituo cha afya, na kuwafundisha madereva kukanyaga mafuta baina ya tuta na tuta ili wafidie. Tuta moja lililo mahali pake nitalieleza chini.

Hili la kuzitoa gari zibaki lami ndilo linaloonekana salama kuliko yote, na ndilo linaloniogopesha zaidi. Watu huichora njia ya gari kama mstari kwenye ramani, halafu wanauhesabu ule mstari. Lakini safari ya abiria haianzi garini. Inaanza mlangoni kwake, na sehemu ya hatari ni ile anayoitembea na ile anayovuka. Ukiitoa gari ndani, hujaondoa hatari. Umeihamishia kwenye miguu ya abiria, na miguu haina bima.

Chukua hatua zako 900. Nikikadiria hatua moja sentimita 70, hizo ni kama mita 630. Sisi wapangaji wa usafiri hupenda kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya, penye njia ngumu. Mzee wa mkongojo anayekwenda nusu mita kwa sekunde atatumia dakika 21. Kiti cha magurudumu kwenye mchanga hakina hesabu. Kinasukumwa na mtu mwingine au hakiendi.

Kisha akifika lami inabidi avuke. Hapa kuna jambo watu hawalifikirii: kituo cha barabara kuu kina pande mbili. Anayepanda asubuhi bila ya kuvuka, jioni atashushwa upande wa pili na atavuka. Hakuna anayeepuka. Lami ya mita 7, mtu mzima huivuka kwa sekunde 6 hivi. Anayekwenda nusu mita kwa sekunde anataka sekunde 14. Katika sekunde 14, gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa imeshakwenda takriban mita 230. Maana yake ni kwamba anaposhusha mguu wa kwanza barabarani, gari itakayomkuta kabla hajamaliza kuvuka yaweza kuwa bado iko mbali hadi mita 230, na lazima aione, aikadirie na asikosee. Mtoto wa darasa la tatu hana uwezo huo wa kukadiria. Anaiona gari, ila haijui kasi yake. Na wanafunzi wenu wanaokuja kwa daladala kutoka mitaa mingine, ambao leo wanashuka hatua chache kutoka langoni, ndio watakaokuwa wa kwanza kuvuka. Kikao kiliwahesabu hao? Aghalabu wazazi wa watoto wanaotoka mbali hawafiki kikaoni.

Basi ninalopendekeza ni hili: gari zibaki ndani, lakini ziache kurudi. Njia yenu tayari ni duara. Ni ya kuzungukwa tu. Kila daladala ipite upande mmoja, isikutane na mwenzake na isigeuze msikitini. Haya ni masharti ya daladala peke yake. Vespa, baskeli na gari za watu ziendelee kupita pande zote mbili kama kawaida.

Upande gani? Wengi watasema iingie njiapanda ya kwanza kama ilivyozoea, itokee ya pili. Mimi ningeigeuza. Sisi tunaendesha kushoto, na mlango wa Hiace au Coaster uko kushoto. Kwenye mchoro wako, ukitoka mjini njia ya ndani inajipinda upande wa kushoto wa lami, na skuli na kituo cha afya viko ndani ya ule upinde, baina ya njia ya ndani na lami. Gari ikipita kwanza lami moja kwa moja hadi njiapanda ya pili, ikakata kushoto, ikazunguka kupitia msikitini, kituo cha afya na skuli hadi njiapanda ya kwanza, basi muda wote mlango unatazama ndani ya duara. Mtoto anashuka upande wa skuli yake, mgonjwa anashuka upande wa kituo cha afya, hakuna anayekatiza mbele wala nyuma ya gari. Ikizunguka kinyume chake, mlango unatazama nje na kila mtoto anavuka. Njia ni ile ile, mafuta yale yale. Chukua sahani uizungushe mezani kwa kidole utaona ninachosema.

Nisikufiche kasoro zake. Ya kwanza inamgusa mama yako. Nyumba yenu iko nyuma ya msikiti, yaani nje ya duara, kwa hiyo yeye ndiye atakayevuka. Nimelipima hilo kwa uzito wake: anavuka njia ya ndani, nyembamba, ya gari zinazokwenda pole, akiwa na mtu wa kumsukuma, badala ya mamia ya watoto kuvuka peke yao. Hapo msikitini ndipo ningelitaka lile tuta moja: pana, la juu bapa, usawa wa kingo za njia, lenye mistari ya pundamilia. Kiti kinapita juu yake bila ya kushuka na kupanda, na gari inalazimika kupunguza. Ya pili ni kulia kwenye njiapanda ya kwanza, gari inapotoka kurudi mjini. Inakatiza gari zinazotoka mjini. Ikiwa pale pana kona au mabanda yanayoziba macho, mpango wangu unaharibika hadi mabanda yasogezwe. Kwenye mchoro sikuweza kuona. Ya tatu, anayepanda karibu na njiapanda ya pili atazungushwa mtaa mzima kabla ya kuelekea mjini. Atanung'unika. Ni dakika nne au tano, atazoea.

Ya nne ni madereva, na huyu ndiye mtu ambaye vikao vya mitaa humsahau kisha hushangaa mpango unapokufa. Dereva wa daladala hana mshahara unaomngoja mwisho wa mwezi. Ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, ana mafuta, na kinachobaki ndicho chake na taniboi. Kila dakika unayomwongezea unaitoa mfukoni mwake, ndiyo maana anakata ruti, ndiyo maana anapita kundi la watoto wa skuli kama hajawaona. Kwa hiyo mwendeeni na hesabu, msimwendee na hasira. Leo anaingia mita 600 na kutoka mita 600: kilomita 1.2. Kuzunguka ni mita 700 za lami na kilomita 1.1 za ndani: kilomita 1.8. Ziada ni mita 600 kwa safari. Kwa safari 10 kwa siku ni kilomita 6, na gari inayokula lita kwa kilomita 10 itaongeza kama nusu lita na kidogo. Upande wa pili wa mizani, anaacha kungojana langoni, anaacha kugeuza msikitini, na anapata abiria wa nusu ya mtaa ambayo leo haipiti kabisa. Nimeshakaa na madereva mara nyingi. Ukiwawekea hesabu hii kwenye karatasi wanaisahihisha, wanabishana, kisha wanakubali. Ukiwaambia "mnaua watoto wetu" wanawasha gari.

Kuhusu vituo, kisiwepo langoni. Kiwe mita 40 au 50 baada ya lango kwa upande gari inakoelekea, ili gari inayosimama isizibe lango na anayetoka mbio asitokee mbele ya pua yake. Na kabla hamjajenga kitu, angalieni watu wanasimama wapi saa sita ya mchana. Niliwahi kushiriki kujenga kibanda kizuri cha abiria, bati jipya, benchi la saruji, kila kitu kwa kipimo. Tulikiweka juani kwa sababu ramani ilitaka hivyo. Abiria walibaki chini ya mwembe hatua 30 nyuma, na gari zikaendelea kusimama kwenye mwembe. Kibanda kikawa cha mbuzi.

Sasa mama. Wengi wakisikia usafiri unaofikika wanafikiria basi la kushuka sakafu kama la Ulaya, wanaona halipo, wanakata tamaa. Katika daladala zetu kizuizi kikubwa ni kidato cha kwanza, na hicho unaweza kukipunguza kwa saruji. Pale msikitini inyanyueni sehemu ya kusimama abiria sentimita 20 kutoka usawa wa njia. Mteremko wake uwe wa moja kwa kumi na mbili, yaani kwa sentimita 20 za kwenda juu, mita 2.4 za kwenda mbele. Ukiufupisha, anayesukuma atashindwa na anayeshuka atakimbizwa. Njia ya kiti isipungue upana wa sentimita 90, na juu pawe na mita moja na nusu ya kugeukia. Kiti cha mbele cha Hiace, kando ya dereva, kiko kushoto, kwa hiyo mama atahamia kutoka jukwaa hadi garini kwa kimo kidogo kuliko leo, na kiti chake kinakunjwa kinapanda kwenye keria. Gari ya kuingilia nyuma haimfai, na hakuna saruji itakayoifanya imfae. Siku za kliniki mzoeane na dereva mmoja wa Hiace, awe na namba yako. Si haki kwamba iwe hivyo, lakini kliniki haingoji haki.

Haki yenyewe ipo kwa maandishi, na msione haya kuitaja. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinazungumzia usafiri na barabara kwa jina. Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya watu wenye ulemavu tangu 2006. Waiteni SHIJUWAZA, shirikisho la jumuiya za watu wenye ulemavu Zanzibar, waje mtembee nao njia hiyo; mtu wa fimbo nyeupe atakuonesha mashimo ambayo mimi mwenye macho nitayaruka.

Kwa taratibu, anza kwa sheha, kisha diwani na baraza la manispaa kwa ajili ya mtaro, tuta na jukwaa. Kubadilisha njia ya gari ni jambo la mamlaka inayotoa leseni za gari za abiria chini ya wizara ya uchukuzi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar; watu wengine hupoteza miezi wakiwaandikia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambayo ni ya Bara na haina kauli huku. Polisi wa usalama barabarani wahusishwe mapema. Ombeni majaribio kabla ya mabadiliko ya kudumu, na majaribio yaguse masika. Duara linalopendeza mwezi wa Januari linaweza kuwa ziwa mwezi wa Aprili, na gari zikishindwa kupita nyuma ya msikiti zitarudi kugeuza langoni siku hiyo hiyo. Yakigusa na Ramadhani ni bora zaidi. Dereva wa saa kumi na mbili kasorobo, anayekimbilia futari, ndiye mtihani wa kweli wa kituo chochote.

Wakati mnangoja vibali, liko jambo moja mnaloweza kulifanya wiki hii bila ya kumwomba mtu: kubalianeni na madereva kwamba katika ile nusu saa ya kupishana mikondo, gari iliyofika kwanza ndani itoke ndipo nyingine iingie. Mwalimu mmoja na taniboi mmoja wenye simu wanatosha.

Yako ambayo siwezi kuyamaliza kwa barua. Kama njiapanda ya kwanza haionekani vizuri, au mtaro unabeba maji ya mtaa mwingine, anatakiwa mhandisi afike kwa miguu yake. Msiufunike mtaro kwa nguvu za mtaa mkahamishia mafuriko kwa jirani. Mama aonwe na mtaalamu wa viungo ili afundishwe kuhama kutoka kiti hadi kiti. Naye anayemsukuma afundishwe pia, maana migongo ya wasukumaji huharibika kimya kimya. Na yule mtoto: mkono utapona, lakini kama anaumwa kichwa mara kwa mara, anatapika, analala kupita kawaida au amebadilika darasani, arudishwe hospitali sasa, msingoje tarehe ya kufungua plasta.

Ukishapima mwendo, nipimie na upana wa mtaro mita 50 baada ya lango. Ukiwa chini ya mita moja, slabu ndogo itaufunika na kituo kitakaa hapo. Ukizidi, tutakisogeza hadi kwenye lile duka la kona ulilolichora, na itabidi uzungumze na mwenye duka kuhusu zile kreti za soda.